Chonge

Kwanza natafuta chonge.
Taya limelala juu ya turubai, lina udongo wa mto Esil
katika kila tundu, na mimi na mswaki wa mtoto
tunalisafisha polepole, kama anayeosha maiti
asiyelijua jina lake.
Dume huwa nazo, kati ya meno ya mbele na magego,
karibu na pale lijamu inapokaa.
Jike ana pengo, au kijino kama punje ya mtama.
Naandika daftarini: dume.
Dume. Dume. Sijui. Dume.

Mafuvu yasiyo na meno tunayapeleka mjini.
Erkanat huyatoboa penye sikio, mfupa mgumu kuliko yote,
unga wake haujazi kijiko cha chai,
na mashine humwambia lililonipita machoni.
Jana alipiga simu. Hakunisalimu.
"Mashimo ya chini, yale ya kale zaidi,
majike kwa madume ni nusu kwa nusu:
waliwindwa, wakaliwa, wakatupwa palepale.
Lakini huku juu, makaburini, penye magurudumu,
madume kumi na saba, Bibigaisha. Na jike mmoja tu."
Nikasikia birika lake likichemka.
"Waliwapenda madume," akasema.

Waliwapenda.

Babu Toktasin alipokufa
farasi wake alikatwa mkia na singa,
akaachiwa nyika mwaka mzima, hapandwi, hafungwi,
kila aliyemwona akajua huyu ni wa msiba.
Alinenepa. Majani yalikuwa mengi mwaka ule.
Nilikuwa na miaka tisa, nikimpelekea sukari,
nikidhani amesamehewa.
Siku ya kumbukumbu walimchinja kabla ya chai.
Nyama ilitosha watu mia mbili,
fuvu likawekwa juu ya kilima, limeelekea machweo.
Ipo siku mtu na mswaki wake atalikuta,
ataandika: dume,
na hatakuwa amekosea.

Bibi alipokufa hakukatwa mkia wa yeyote.
Alikuwa na jike wa kijivu, Kokbie,
mkali kwa watu wote ila yeye.
Tulizika adhuhuri. Kivuli hakijarefuka,
mama akakunja mikono ya nguo ya msiba,
akapiga goti moja, ndoo imening'inia mkononi,
nami nikamleta mtoto wa farasi, anyonye mara tatu,
nikamvuta.
Kokbie akapiga teke. Akapiga la pili.
Halafu maziwa yakaja.
"Maziwa hayajui matanga," mama alisema,
na baada ya saa mbili tukarudi tena,
na tena, hadi giza,
maana waombolezaji walikuwa na kiu.

Sasa nauliza, taya mkononi, upepo umejaa pakanga:
ni nani hasa aliyependwa?
Yule aliyevishwa shaba akashushwa shimoni,
akafungwa kwenye gari lisilokwenda popote,
au yule aliyeachwa juu na chuchu zimejaa,
akazaa, akakamuliwa, akazaa,
mpaka mifupa yake ikasagwa na kwato za wajukuu zake
na mimi sina hata jino lake la kuandika?
Erkanat atasema hilo si swali la maabara.
Haya. Si la maabara.

Jioni nimemtoa yule mmoja, namba thelathini na moja.
Magego yamelika karibu kuisha. Mzee.
Na pembeni, upande wa kushoto, chonge,
fupi, butu, lakini chonge.
Nilikuwa nimemwandika dume.
Nimepiga mstari mmoja juu ya neno,
mwembamba, ili lililokosewa lisomeke bado.

Mama naye ametuma ujumbe.
Majike wameshazaa, sita, anauliza nitarudi lini:
goti lake la kulia halikunjiki tena.